Manyoya Mlangoni

Mama Kashindye alipita nyumba kwa nyumba akisema amemwona jirani yake Nyamizi, kwa macho yake mawili, akimnyonyoa jogoo angali hai na kuyapeperusha manyoya kuelekea mlangoni kwake. Ndiyo maana homa ya mwanawe haishuki.

Mumewe hakungoja kusikia mara ya pili. Alimkuta Nyamizi uani, jogoo mapajani, miguu ya ndege imo kwenye karai la maji ya vuguvugu, anaisugua kwa mswaki mkuukuu ili magamba yaliyovimba kwa utitiri yalainike. Mwanamume alilipiga karai teke. Rungu likamshukia Nyamizi begani, mfupa ukalia. Akainama kumfunika jogoo, na pigo la pili likampata mgongoni.

“Mchawi mkubwa we! Mwachie mwanangu!”

“Shemeji, anabadilisha manyoya huyu! Kuku wote hubadilisha!”

“Kamdanganye mjinga mwenzio!”

La tatu lilimpasua kichwa. Damu ikamwingia jichoni. Kwa jicho lililobaki alimtafuta Mama Kashindye, aliyekuwa amesimama penye ua, akamnyooshea yule jogoo mnyonge, shingo tupu.

“Jirani, mshike wewe. Usimvute, mshike tu, uone yanavyodondoka yenyewe. Halafu mwambie mumeo.”

Rungu lilikuwa juu, likisubiri. Mama Kashindye aliiingiza mikono yote miwili ndani ya kanga. Nyoya jekundu likachomoka ubavuni mwa jogoo, likashuka polepole katikati yao.