Neno la Mlangoni

Siku hizi kila chumba hukutunzia hali uliyotoka nayo. Usiposema “nimemaliza” mlangoni, ukirudi utaendelea pale pale ulipoachia. Ndiyo maana Mwanakombo, kwa miaka saba, amempakulia mumewe, Shekue, barazani, asije akakanyaga jikoni alikotoka kwa hasira. Masinia yamemchosha mgongo. Leo alikwenda msalani tu, Shekue akaingia jikoni kutafuta chumvi.

“…na hiyo mimba si yangu!” akafoka. Kisha akashusha pumzi. “Nimemaliza.”

Akarudi barazani mtulivu. “Mama Riziki, chumvi mnaiweka wapi?”

Riziki, binti yao wa miaka sita, alikuwa jikoni akiosha vikombe. Akajifuta mikono taratibu.

“Sema neno, mwanangu,” Mwanakombo akamsihi mlangoni.

Mtoto akavuka kizingiti kimya.