Mwamuzi Hakuona

Hii ni kweli tupu, na nikiongopa ulimi wangu uote malengelenge.

Corrigan alidaka mipira kwa mikono mitupu miaka kumi na mmoja, katika besiboli ya kulipwa ya Pennsylvania, mpaka vidole vikapinda kama tangawizi. Ndipo akawa mwamuzi, peke yake uwanjani, kama ilivyokuwa enzi hizo.

Alasiri moja, mpira wa mwisho, mdogo wake alikimbilia kituo cha nyumbani: akifika, timu yake inashinda; akiguswa kwa mpira kabla, anatoka nje na timu inafungwa. Akajirusha miguuni pa mdakaji. Vumbi likatanda. Corrigan hakuona kitu.

"Mwamuzi, tukuletee mto ulale?" watu wakazomea.

Asubuhi mwenye timu alikuwa amemwonya mdogo huyo wa Corrigan: leo tukifungwa, rudi mgodini. Mgodi huo ndio uliommeza baba yao.

Desturi ilimruhusu mwamuzi kumwuliza mchezaji mwenyewe, naye aseme kweli. Corrigan akainama. Meno ya mdogo wake yalikuwa yamejaa udongo.

"Mdakaji alikugusa kwa mpira kabla hujafika?" akauliza, moyoni akiomba asikie hapana.

"Alinigusa, kaka."

"Hebu fikiri vizuri."

"Nimeshafikiri."

Corrigan akamwinua, akamkung'uta vumbi mabegani, kisha akaugeukia umati.

"Nje," akasema.