Kamera Iliyotoka Arua

Akullo alikuwa akirekodi ukuta mtupu kwa kamera, na alikuwa amewakataza wanaume wote wawili mle dukani kumsemesha.

"Dada, huo ukuta umekukosea nini?" Wangila, mwenye duka, alishindwa kuvumilia. "Wenzako wakija hapa hunipiga picha mimi."

"Najaza kadi," Akullo alisema bila kuinua macho. "Zikijaa, natazama toka mwanzo kama zimeshika yote."

"Mwache," Okwir alisema akicheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Ametoka zamu Naguru na sare yake ya polisi, na siku nzima iliyobaki ilikuwa yake. "Huyu hata chumvi huionja kabla ya kununua. Mimi mwenyewe alinichunguza weee, ndipo akakubali."

Akullo alikuwa na sababu. Mwaka uliopita aliazima kamera akapiga picha za kwanjula ya binti wa shangazi yake, pale Kisugu, siku wakwe walipokuja kujitambulisha. Kadi aliyouziwa barabarani iliandikwa ukubwa ambao haikuwa nao. Ilipojaa ikaanza kuzila picha za asubuhi ili ziingie za jioni. Bibi wa yule binti, aliyembariki mjukuu wake asubuhi ile, alifariki mwezi huohuo. Hadi leo shangazi humsalimia Akullo akiangalia pembeni.

Sasa alikuwa ameuza cherehani yake, iliyomlisha tangu alipoacha shule, ili anunue kamera moja ya maana. Akitapeliwa leo, hana tena cha kuuza. Ndiyo maana alimwomba Okwir amsindikize. Baada ya Pasaka wangefunga ndoa, na muuzaji akiona sare huwa mkweli kidogo.

Kamera zilikuwa mbili, zote za kisasa, zile zisizo na kioo ndani. Moja mpya, inayochukua kadi moja tu. Nyingine, hii aliyoishika, ilikwisha kutumika, lakini ilichukua kadi mbili: kila picha inaandikwa kwenye zote kwa pamoja, moja ikifa nyingine inabaki. Wangila alikuwa amejaribu kumpa kadi za bei rahisi.

"Hizi nazo zinaingia."

"Kuingia zinaingia," Akullo alimjibu, "ila hazikimbii. Kamera itazisubiri. Bibi harusi hatasubiri."

Wangila akatoa zile za kasi bila ubishi, na ndizo alizokuwa akizijaza sasa.

Kadi zikajaa. Akullo akatazama mwanzo, katikati, mwisho. Ukuta ulikuwapo wote, kwenye kadi zote mbili. Pumzi ikamtoka taratibu.

"Nani alikuwa nayo?" akauliza.

"Mpiga picha wa harusi, kijana wa Arua. Mtu safi, anatunza vitu. Amehamia Juba, akaniachia niuze."

"Arua?" Okwir aliinuka kitini. Alikuwa amefanya kazi huko karibu miaka miwili, akarudi Krismasi. "Akullo, vumbi la Arua nalijua mimi. Linaingia hata kwenye meno. Chukua mpya."

Akullo alifungua lenzi, akamulika ndani kwa tochi ya simu, kona moja baada ya nyingine. "Hakuna vumbi."

"Na picha za watu je? Zimo humo bado?"

"Afande, picha hukaa kwenye kadi," Wangila alisema. "Kadi zake aliondoka nazo. Hii ni tupu kama mfuko wangu."

Okwir aliketi tena. "Basi sawa. Kama moyo wako uko kwa hiyo, chukua hiyo."

Akullo alimtazama kwa upendo. Wanaume wangapi wangejali siri za watu wasiowajua?

Lilibaki jambo moja, kuona jinsi kamera inavyofuata nyuso. Wangila alimwita mama wa duka la jirani, wakasimama watatu mbele ya kaunta, Okwir katikati akinyoosha sare. Kwenye skrini mraba mdogo mweupe uliruka, ukatua usoni kwa Okwir.

Akullo akawabadilisha nafasi. Mraba ukamfuata Okwir. Akamweka mama mbele kabisa, karibu na lenzi, na Okwir nyuma kwenye kivuli. Mraba ukamruka mama, ukamruka Wangila, ukamfikia Okwir.

"Yii! Hata kamera inaogopa polisi!" mama alicheka, akarudi dukani kwake.

Akullo hakucheka. Kitu kikienda kombo, alipenda kukielewa kabla ya kukilaumu. "Kwa nini inamchagua yeye tu?"

Wangila alijikuna kichwa. "Si mbovu, dada. Ndiyo akili yake. Hawa wapiga picha huandikisha sura kabla ya sherehe, ili kwenye umati kamera isiwapoteze wenye shughuli. Zenyewe hazikai kwenye kadi, zinakaa kwenye kamera. Huenda kuna mtu wa Arua anafanana na afande." Akanyoosha mkono. "Lete nizifute."

"Zifute," Okwir alisema upesi. "Zifute tu, twende. Nina zamu."

"Ngoja," Akullo alisema. "Nizione kwanza."

Akateremka kwenye menyu, mstari kwa mstari, kwa utaratibu wake uleule, mpaka akaufikia ukurasa wenyewe. Zilikuwa sura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Okwir, amevaa suti, ua jeupe kifuani. Ya pili ilikuwa ya mwanamke asiyemjua, amevaa shela.