Kitu Kisicho na Mzazi

Chai ya Idil ilikuwa imeshika utando alipogundua kwa nini rekodi moja ya kambi ya wakimbizi ya Ifo ilikuwa inagoma kuingia kwenye mfumo.

"Programu yetu ya JavaScript hupokea vitu vya kawaida tu," alimwambia bosi wake. "Inakagua mzazi wa kila kitu, yaani kile kinachokirithisha sifa. Hiki kiliundwa bila mzazi, kwa hivyo kinakataliwa."

"Lakini ndani kiko sawa?"

"Kiko sawa."

"Basi kiruhusu."

Akaongeza mstari mmoja. Kikapita.

Wiki iliyopita, mjini Garissa, wazee wa kukagua wanaoomba vitambulisho walimuuliza Idil babake ni nani. Alijibu kwamba alifariki kabla yeye hajazaliwa. Wakasema, basi na wewe hatukujui, wakamnyima kitambulisho.

Idil aliutoa utando kwa kidole, akaupangusa ukingoni mwa meza.

"Kumbe ni rahisi hivyo," bosi akasema. "Sasa leta kitambulisho tukuandike kazi ya kudumu."