Rangi ya Makoti

Jenerali Tolworthy aliinua darubini. Ng'ambo ya mto, watu walikuwa wakishuka kilimani katika ukungu wa asubuhi. Kama makoti yao yalikuwa meupe, ni Wafaransa. Kama ni mekundu, ni Waingereza wenzake waliochelewa kurudi.

Hata kwa darubini, yeye aliona kijivu kitupu. Tangu majira ya baridi macho yake yalikuwa yakififia, wala hakumwambia mtu. Alikuwa ametumikia jeshi miaka thelathini na minne, lakini nani angemwachia kikosi jenerali kipofu?

"Mizinga iko tayari, Mheshimiwa," meja wake alisema. "Ni akina nani wale? Kwa macho matupu sioni ila nukta."

Jenerali angeweza tu kumpa meja ile darubini atazame mwenyewe; hakumpa.

"Wafaransa," alisema.

"Una hakika, Mheshimiwa?"

"Unanifundisha kazi, Meja? Piga!"

Mizinga ikanguruma, kilima kikamezwa na moshi.

Kisha sauti ikapasuka kutoka ng'ambo, kwa lafudhi ya kwao Yorkshire, Uingereza: "Acheni, jamani! Acheni! Ni sisi!"