Chupa Iliyong'aa

Zamda, mtumishi wa nyumba, aliiloweka chupa ya divai kwenye beseni, akaisugua kwa dodoki mpaka vumbi la miaka ishirini likatoka, na karatasi iliyobandikwa juu yake nayo. Aliona aibu wageni wa posa kupelekewa chupa chafu namna ile.

"Mama wee, inang'aa kama kioo!" alisema shangazi wa mposaji mezani.

Mzee Damiani, mwenye nyumba, hakucheka. Aliigeuza chupa huku na huku. "Zamda mwanangu, karatasi iko wapi?"

"Nimeibandua, baba. Ilikuwa imechorwachorwa kwa kalamu."

"Ule ni mwandiko wa marehemu mke wangu, mama yake Filomena," alisema taratibu. "Divai hii ya Ureno, ya mizabibu mikongwe, tuliinunua pamoja. Akamwandikia binti yetu maneno ya siku ya leo. Hata mimi hakunisomea."

Filomena, binti aliyekuwa akiposwa, akainuka kitini. Zamda, ambaye hakujua kusoma, alihisi masikio yakimwaka. Alikimbilia jikoni, akaiopoa karatasi kwenye povu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Wino ulikuwa ukichuruzika. Aliposikia hatua za Filomena nyuma yake, aliifunika kwa viganja vyote viwili, akashindwa kuviondoa.