Rangi ya Kumsubiri Padre

Mnunuzi wa kiwanja changu cha Kihesa alikuwa kwenye simu, akisubiri niseme ndiyo, fundi Gwakisa aliponiuliza kutoka chini ya lori, "Mama, chesisi hii nani kaipaka rangi?"

"Fundi rangi wa kwetu Iringa, wiki iliyopita, kabla padre hajalibariki. Kwani rangi inahusiana nini na kompyuta ya injini?"

Lori lilinifikisha Iyunga, Mbeya, likikohoa, likazima. Gereji mbili zilishapima, zote zikasema kompyuta imekufa, mpya milioni sita. Ndiyo maana nilikuwa nauza kiwanja.

"Alifungua na bolti pia?"

Alifungua zote. Nilimsimamia mwenyewe, nikimfokea apake hata pasipoonekana, maana sikutaka padre anyunyizie kutu maji ya baraka.

Gwakisa akanionyesha waya mweusi mnene. "Huu unatakiwa ugusane na chuma cha chesisi. Sasa umekaa juu ya rangi, umeme wa kompyuta haupiti."

Akachukua kipande cha msasa, akasugua taratibu. Unga wa bluu ukamdondokea kifuani, hadi chuma kikang'aa, duara dogo kama sarafu. Akafunga bolti.

"Washa."

Nikapanda. Nikazungusha ufunguo, na lori likanguruma.

"Gwakisa, unanidai ngapi?"

"Elfu thelathini, mama. Na msasa mia tano."

"Dada, upo?" mnunuzi alikuwa akipaza sauti kwenye simu. "Tunauziana au hatuuziani?"

Nikashuka, nikaisogeza simu kwenye injini, asikie mwenyewe.